Kabla Hujaacha Ugali, Nionyeshe Vidonge Vyako

(Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi asubuhi hapa Ujiji, mbele ya kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa na waume zao waliowasindikiza. Walioshindwa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, mwakeye!

Mama mwenyekiti, nakushukuru kwa kunipa saa hii moja. Mimi ni muuguzi, wengi mnanijua, na miaka yangu mingi ya kazi nimeimaliza kwenye kliniki ya sukari. Leo sina karatasi. Nina maswali.

La kwanza, na tusioneane haya. Nani hapa, ndani ya mwaka huu, ameacha ugali ili apunguze mwili? Nyoosheni mikono. Msitazamane, nyoosheni tu. Naona kumi na saba. Mikono ibaki juu. Kati yenu, nani anameza vidonge vya sukari au vya presha? Sita. Haya, ninyi sita: nani alimweleza daktari wake kabla hajaacha ugali?

Mkono mmoja. Mmoja tu.

Shusheni mikono. Wale watano ndio walionileta hapa asubuhi hii, ingawa nilikuwa bado sijazijua sura zao.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba kupunguza wanga ni upuuzi. Ningesema hivyo ningekuwa nawadanganya. Kupunguza wanga kunafanya kazi. Narudia: kunafanya kazi. Na kwa sababu kunafanya kazi kweli mwilini, ndiyo maana nataka tukae tukuzungumze kwa heshima ile ile tunayoipa dawa kali.

Wala msidhani ni jambo lililoletwa na simu. Mwaka 1863, kule London, mzee mmoja aitwaye William Banting alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa mazishi, waliozika hadi wafalme. Alikuwa na miaka zaidi ya 60, mnene kiasi cha kushindwa kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume kwa kuyahurumia magoti yake. Alijaribu kupiga makasia kila asubuhi, akaambulia njaa tu. Kamuulizeni mvuvi yeyote wa Kibirizi anayerudi alfajiri kama atamshangaa! Mwisho daktari wake akamwondolea mkate, sukari, bia na viazi. Kwa mwaka mmoja hivi akapungua karibu kilo 21.

Kwa hiyo hapa hakuna uchawi, wala hakuna siri ambayo mtu anapaswa kukuuzia kwa elfu thelathini.

Sasa wanga ni nini kwetu sisi? Ni ugali wa muhogo, ugali wa mahindi, wali, ndizi, viazi, chapati, maandazi, na sukari yenyewe tunayoimwaga kwenye chai. Chukua gramu 100 za unga wa muhogo: zaidi ya gramu 80 ni wanga, na protini ni kidogo mno. Ukila, tumbo linauvunja unakuwa sukari, sukari inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini kuisukuma iingie kwenye chembe za mwili. Inayobaki inawekwa akiba. Akiba ya kwanza ni ghala dogo lililo kwenye ini na misuli, kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima. Ghala likijaa, ziada inageuzwa mafuta, nayo tunaijua inakokaa.

Lile ghala dogo lina jambo moja ambalo wale wanaouza menyu za kupunguza mwili kwenye simu hawalisemi. Kila gramu ya wanga iliyomo ndani yake imelala na gramu tatu hivi za maji. Pigeni hesabu. Gramu 500 za wanga, na maji kilo moja na nusu. Ukiacha ugali ghafla, mwili unalitumia ghala hilo siku chache tu, na yale maji unayakojoa. Mizani inashuka kilo mbili, wakati mwingine tatu. Mafuta hujayagusa!

Nilimwona binti mmoja, bibi harusi mtarajiwa, mwili wake wa kawaida kabisa. Wiki moja kabla ya harusi akaacha kila chenye wanga ili gauni limkae. Kila asubuhi alikwenda kupima kwenye mizani ya duka la dawa, na kila asubuhi alitoka anacheka. Kilo tatu kwa siku saba. Gauni likamkaa, na harusi ilikuwa nzuri. Siku ya harusi akala pilau, kesho yake pilau la kiporo, keshokutwa chapati za ukweni. Siku ya nne akarudi kwenye mizani ileile, kilo zote tatu zimerudi. Akaja kwangu analia, anasema mwili wake umelaaniwa, mwili wa kunenepa kwa siku tatu. Nikamwambia, mwanangu, hukunenepa kwa siku tatu kama ambavyo hukukonda kwa siku saba. Ulimwaga ndoo ya maji, ukaijaza tena.

Nalisema hili kwa sababu machozi yale nimeyaona kwa wengi. Mtu anapunguza maji, anashangilia. Maji yanarudi, anakata tamaa, anaacha hata lile jema alilokuwa ameanza. Ukiamua kupunguza wanga, wiki mbili za kwanza usiiamini mizani. Iamini miezi.

Na miezi inasema nini? Mwaka 2003 kulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 63. Baada ya miezi sita, waliopunguza wanga walikuwa mbele. Baada ya miezi 12 tofauti ilikuwa imefifia. Mwaka 2008 kukaja wa Israel, watu 322 kwa miaka miwili: waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 2.9, waliopunguza wanga kilo 4.7. Halafu mwaka 2018 wakaja watafiti wa chuo cha Stanford na watu 609. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, wote wakafundishwa kula mboga kwa wingi na kuachana na sukari na vyakula vya viwandani. Mwaka mmoja. Wa mafuta wakapungua kilo 5.3. Wa wanga wakapungua kilo 6. Kitaalamu hiyo haihesabiwi kuwa tofauti.

Mmesikia? Baada ya mwaka, karibu wako sawa. Na ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua sana, na kulikuwa na walioongezeka.

Basi faida ya kupunguza wanga iko wapi? Iko kwenye njaa. Ukila dagaa, mayai, maharage na mboga, unashiba mapema na unakaa muda mrefu bila kutafuta cha kutafuna. Unakula kidogo bila kupigana na nafsi yako. Na kwa mwenye sukari iko faida ya pili: anayepunguza wanga anapunguza kile kinachopandisha sukari moja kwa moja. Sukari ya damu inashuka, mara nyingi hata kabla uzito haujashuka. Hiyo ya pili iwekeni akiba kichwani, nitairudia.

Sasa hapa kwetu kuna jambo ambalo hao watafiti hawakulikuta. Sisi tunakula sinia moja. Ugali umekaa katikati kama mlima, mikono sita, bakuli la mgebuka, bakuli la lengalenga. Nani anahesabu matonge? Mkono wako unafuata mikono ya wenzako. Ukiwahi kunawa, unaulizwa kulikoni. Ukijipakulia pembeni, unaulizwa umetuona na ubaya gani. Mnacheka, lakini mnajua ni kweli. Nimeona watu walioishinda njaa wakashindwa na swali la mama mkwe.

Yuko mzee wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Mwanga. Hakuhama kwenye mkeka. Alimwomba mkewe jambo moja tu: ugali ukiiva, kabla haujawekwa kwenye sinia, amkatie kipande kinacholingana na ngumi yake mwenyewe, akiweke upande wake, mbele yake. Basi. Samaki na mboga anakula na wenzake kama kawaida. Kipande chake kikiisha, mkono wake unaendelea na mboga. Na chai, ambayo alikuwa akiinywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, akaishusha polepole hadi bila sukari. Hesabuni: vijiko 12 kwa siku, kama gramu 50 za sukari, zaidi ya soda nzima ya chupa. Katika miezi 14 alipungua kilo 11. Hakununua menyu ya mtu, na ndani ya nyumba hakuna aliyekosana naye. Wajukuu waliendelea kula ugali wao, na ndivyo inavyotakiwa, mtoto anayekua msimwingize kwenye mambo yetu ya vitambi.

Napenda mfano wake kuliko ule wa kufuta wanga kabisa. Wako wanaoshuka chini ya gramu 50 kwa siku, wenyewe wanaita keto, mwili unaanza kuchoma mafuta na kutoa kemikali ziitwazo ketoni. Njia hiyo ilitumiwa na madaktari tangu miaka ya 1920 kwa watoto wenye kifafa, tena chini ya uangalizi mkali. Siwakatazi watu wazima wenye afya. Lakini mtu wa Kigoma aishi bila ugali, bila ndizi, bila muhogo wa kuchoma, bila wali wa msibani, kwa miaka mingapi? Nawauliza kwa upendo: kwa miaka mingapi?

Na hapa nina ugomvi na neno moja linalozunguka mitaani: mafuta ruksa. Eti ukishaacha wanga, mafuta kula upendavyo. Mama mmoja alikuja kliniki amekasirika, miezi minne haonji ugali, na hajapungua hata kilo. Nikamwambia anieleze anavyopika. Migebuka anaikaanga ikielea kwenye mawese. Mboga anaiunga kwa mawese. Sahani ikifika mezani anaongeza vijiko viwili juu, kwa kuwa ameambiwa ndiyo yanayochoma kitambi. Mama zangu, gramu moja ya wanga ina kalori nne. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kalori kama 120. Alitoa ugali mlangoni, akauingiza kwa dirishani kwa jina jingine.

Mawese ni mali yetu, mimi mwenyewe nimekua nayo, na wekundu ule ndio mwili unaoutumia kutengeneza vitamini A. Siwaambii myaache. Lakini karibu nusu yake ni yale mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya, na kwa watu wengine wanaofuta wanga na kujaza mafuta ya aina hiyo kolesteroli hupanda sana. Kijiko cha kuungia kinatosha familia. Msikaange kila siku.

Na maharage! Tafadhali, msiache maharage. Nasikia watu wanayafuta kwa kuwa yana wanga. Ndiyo, yanao, lakini yana protini na nyuzinyuzi, sukari yake inaingia polepole. Mwaka 2018 ulitoka utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 15,000 Marekani kwa miaka mingi. Waliokula wanga mwingi sana na waliokula kidogo sana, wote walikuwa na vifo zaidi kuliko wa katikati. Na katika hao waliopunguza, waliojaza pengo kwa nyama na mafuta ya wanyama hali ilikuwa mbaya zaidi, waliojaza kwa maharage, karanga na mboga ilikuwa afadhali. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile. Lakini mimi ukinionyesha hilo, na ukinionyesha gunia la maharage ya Kasulu, najua nitakalobeba. Tena mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti, samaki wazaliane, nani hapa aliendelea kula dagaa kama kawaida? Maharage yalikuwapo.

Sasa nifike nilikokusudia.

Dada yangu ananizidi miaka minane, anaishi Kasulu, ana sukari, na ameniruhusu niyaseme haya. Kwa miaka alikuwa akimeza kidonge cha sukari kiitwacho glibenklamidi asubuhi na jioni, na sukari yake ilikuwa inasumbua. Akapata menyu kwenye kundi la simu, akailipia. Siku ya pili akanipigia, ana furaha. Ananiambia mdogo wangu, nimeacha ugali, nimeacha ndizi, nimeacha kila kitu. Nikamwambia hongera dada. Hongera! Mimi, muuguzi wa sukari. Sikumuuliza habari ya vidonge. Lile hongera nimelala nalo usiku mwingi.

Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, simu. Ni mjukuu wake, ana miaka 12. Ananiambia bibi anaongea maneno hayaeleweki, ananiita jina la mtu mwingine, na kanga yake imelowa kama imetolewa kwenye beseni. Nikamuuliza, anaweza kumeza? Mwambie ameze mate umwone. Anaweza. Nikamwambia kimbia jikoni, sukari vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji, koroga, mkalishe, umshike kichwa, mpe kidogokidogo, usimmiminie. Nilikuwa nasikia kijiko kikigonga kikombe. Ting, ting, ting. Mikono ya mtoto ilikuwa inatetemeka. Dakika kumi na tano nilikaa kwenye simu ile nikimsikia akisema kunywa bibi, kunywa bibi. Kisha nikasikia sauti ya dada yangu ikiuliza, kwani kumekucha?

Wakampeleka kupima. Hata baada ya sukari ile, kipimo kilisoma 3.1, na chini ya 4 kwa mtu wa vidonge tayari ni hatari. Wakamlaza usiku mzima, kwa sababu kidonge kile hukaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kupanda kwa kikombe ulichompa, ikashuka tena akiwa amelala.

Kilichotokea ni nini? Glibenklamidi inaliamuru kongosho litoe insulini. Inaliamuru ukiwa umekula, inaliamuru ukiwa hujala. Kidonge hakijui kama umeacha ugali. Dozi ile ilipimwa kwa dada yangu wa zamani, wa sahani mbili za ugali kwa siku. Ugali ukaondoka, dozi ikabaki.

Je, mlo ule ulimshinda? Haukumshinda! Ulifanya kazi kupita dawa ilivyotegemea. Ndiyo ile niliyowaambia muiweke akiba.

Mwaka 2017 kulichapishwa utafiti wa Uingereza wa watu 306 wenye sukari. Nusu yao walipewa mlo wa kalori chache sana, baina ya 825 na 853 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, asilimia 46 yao sukari ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Karibu nusu! Lakini sikilizeni kilichofanywa siku ya kwanza. Vidonge vyao vya sukari na vya presha viliondolewa siku ileile mlo ulipoanza. Na walioviondoa ni wauguzi na madaktari, wakiwapima na kuwafuatilia. Mlo na dawa vilihama pamoja.

Kwa hiyo wa glibenklamidi, wa sindano za insulini: kwanza kliniki, ndipo ugali. Wa vile vidonge vipya vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo: ninyi ukifuta wanga damu inaweza kujaa tindikali hata kipimo cha sukari kikiwa hakitishi, na tindikali ile inaua. Wa kidonge cha sukari cha metfomini peke yake, hatari ya sukari kushuka mno ni ndogo, lakini njoo tuseme. Wa presha: ukipunguza wanga figo zinatoa chumvi na maji zaidi, presha inashuka, na kama unameza na dawa ya kukojoza unaweza kusimama ukaanguka. Asiye na presha akiumwa kichwa au akibanwa misuli siku za kwanza, mara nyingi ni chumvi na maji yamepungua, mchuzi wenye chumvi yetu ya Uvinza unamsaidia. Mwenye presha asijiongezee chumvi kabla ya kuuliza. Mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie nyama na samaki kwa wingi. Mjamzito na anayenyonyesha, huu si wakati wako mama, kula.

Na msisikie haya mkaenda nyumbani kutupa vidonge. Hilo nalo nimeliona, na nimezika.

Dada yangu? Daktari alimwondolea glibenklamidi, akamwachia metfomini. Ugali anakula, kipande cha ngumi, mchana tu. Jioni ni maharage, mboga na samaki akipatikana. Sukari yake ya asubuhi sasa ni nzuri kuliko alivyowahi kuwa nayo katika miaka kumi. Amepungua polepole, kilo saba. Kila Jumapili ananipigia, na swali langu la kwanza kabla ya salamu ni lile nililolisahau siku ile.

Mama mwenyekiti, naona saa imefika, nisile muda wa vikoba. Niliwaomba mje na pakiti za vidonge vyenu. Kipimo cha sukari ninacho hapa, mizani iko pale mlangoni. Wale sita mnyanyuke kwanza, mje mkae upande wa dirishani, kwenye mwanga. Pakiti mezani, moja baada ya nyingine. Tuanze na wewe, mama wa kitenge cha kijani. Hiki unakimeza saa ngapi, na jana jioni ulikula nini?